Usugu ni wa Nani?

Neno "sugu" ni ndugu wa kusugua, na kabla ya kuwa sifa ya mambo ni jina la ngozi. Ni ile ngozi ngumu inayoota penye kusuguliwa mno: kiganjani mwa mpiga makasia, begani mwa mchukuzi, katika paji la uso la mtu aliyesujudu miaka mingi. Sugu ya namna hiyo haina aibu wala si ugonjwa. Ni ushahidi kwamba mahali hapo pamefanya kazi. Kutoka kwenye ngozi neno likahamia kwa watu na mambo yao, tukapata mwizi sugu, deni sugu na tatizo sugu. Kisha likaingia hospitalini. Malaria ikawa sugu kwa klorokwini, hata Tanzania Bara ikaiacha dawa hiyo mwaka 2001. Kifua kikuu nacho kikawa sugu. Na sasa madaktari wanatuambia kwamba hata huzuni yaweza kuwa sugu. Huiita sonona sugu, na kwa ajili yake wanatafuta dawa mpya.

Makala haya hayana nia ya kufundisha utabibu, wala mwandishi wake si tabibu. Yanataka kuliuliza neno hilo swali moja tu: usugu huo ni wa nani? Na kwa kuwa swali la maadili lisilo na mahali pa kukaa hugeuka upesi likawa maneno matupu, nimelipeleka Kigoma. Ujiji ulikuwa mwisho wa ile njia ndefu ya misafara iliyoanzia pwani inayokabiliana na visiwa vyetu. Lugha hii tunayoandikia ilifika huko kwa njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Basi mwambao wa Ziwa Tanganyika si ugenini kwetu kama ramani inavyodai, na yanayowapata watu wake tuna haki, na pengine wajibu, wa kuyatafakari.

Malaria inapokuwa sugu, mwenye usugu ni kimelea. Hakuna aliyepata kumwambia mtoto anayetetemeka kwa homa kwamba yeye ndiye sugu. Tulijua kuwa mdudu amejifunza hila, na mtoto ni uwanja tu wa vita hivyo. Sonona haina mdudu. Hakuna kitu kinachoweza kuwekwa chini ya darubini tukasema, huyu hapa ndiye aliyeikataa dawa. Kwa hiyo neno, likikosa pa kutua, humtua mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshindikana. Dawa imefanya wajibu wake, yeye hakuitikia. Mtu ambaye maradhi yake yenyewe humnong'oneza usiku kucha kwamba hana thamani na kwamba ni mzigo kwa watu wake, anafika kwa mganga na kuambiwa kwa lugha ya elimu jambo lile lile aliloambiwa na maradhi.

Tutazame jinsi jina hili linavyotolewa. Wataalamu wengi husema kwamba sonona ni sugu pale mgonjwa anapokuwa ametumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, yaani wiki sita au zaidi, na hakupata nafuu. Kanuni hiyo ina msingi wake. Katika utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 2001, uliowafuatilia wagonjwa wapatao 4,000, kama theluthi moja tu walipona kwa dawa ya kwanza. Waliofika dawa ya tatu na ya nne, walioponea huko walikuwa kiasi cha 13 au 14 katika kila 100. Mlango hupungua upana kila unapofungua mwingine. Hapana shaka basi kwamba wapo watu ambao dawa zilizopo hazikuwafaa, na kwamba kuwatafutia nyingine ni jambo la rehema na la haki. Sibishani na hilo hata kidogo.

Ninachobishana nacho ni masharti yaliyojificha ndani ya kanuni. Dawa mbili: maana yake dawa zilikuwepo. Kipimo cha kutosha: maana yake alikuwepo mtu wa kukipandisha. Wiki sita: maana yake stoo haikuisha katika wiki ya tatu. Na juu ya yote, alikuwepo mtu wa kuandika, wa kukumbuka na wa kuuliza tena.

Tumchukue mwanamke mmoja wa kubuni, mwanikaji dagaa wa Kibirizi. Kwa mwaka mzima amekuwa akiamka alfajiri na mwili mzito kama gunia lililolowa. Dagaa wanafika, wenzake wanawatandaza mchangani, yeye anakaa. Nyumbani wanasema ana mawazo. Msikitini wanamwombea dua, na dua hiyo si kitu cha kudharauliwa, kwani angalau inamtaja kwa jina lake. Zahanati anakwenda kwa sababu ya kichwa na kifua, maana hayo ndiyo maumivu yanayokubalika kuletwa dirishani, na anapewa dawa ya maumivu. Mara moja mganga mwangalifu anamwandikia amitriptilini, vidonge vidogo vya kumsaidia usingizi. Anavimeza siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa havipo.

Je, sonona yake ni sugu? Kwa mujibu wa kanuni, hapana. Hajagonga hata mlango wa kwanza. Kwa mujibu wa maisha yake, ni sugu kuliko ya yule mgonjwa wa Chicago aliyejaribishwa dawa nne. Hapa ndipo neno linapopasuka katikati. Kuna usugu wa ugonjwa na kuna usugu wa dunia iliyomzunguka mgonjwa. Na huu wa pili, ingawa ndio ulioenea zaidi, haumo katika kanuni kwa sababu haumo mwilini.

Mkoa wa Kigoma, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 2 na nusu. Tangu 1996, ilipoanzishwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu kwa ajili ya waliovuka ziwa kutoka Kongo, na hasa tangu 2015 Warundi walipokimbia kwa wingi, umebeba pia huzuni za mataifa mengine. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Mgonjwa wa akili aliyezidiwa, ambaye hapo haponi, aghalabu safari yake huelekea Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza katika miaka ya 1920 na ambayo leo ni ya taifa. Na kutoka Kigoma hadi Dodoma, kwa reli ile iliyofika ziwani mwaka 1914, ni kulala njiani. Katika nchi hii madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni haba mno, na wengi wao wako mijini.

Basi atatokea mtu na kusema: ikiwa hali ndiyo hiyo, haramu kujaribu dawa mpya Kigoma. Wapeni kwanza zile za zamani. Hoja hii ina nguvu, na historia inaipa nguvu zaidi, kwa kuwa mwambao huu unajua maana ya kujaribiwa. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa katika visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye sumu ya zarniki iliyoitwa atoksili. Dawa ilipochelewa kuonyesha matunda alipandisha kipimo, na wagonjwa kadhaa wakapofuka kabisa. Baada ya hapo Wajerumani walifungua kambi za malale kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, wakajaribu atoksili na dawa nyingine za ukoo wake kwa vipimo mbalimbali. Watu wengi walitoroka. Katika maandishi ya wakoloni kutoroka huko huelezwa kama ujinga. Mimi nakusoma kama jibu: hawakuulizwa kwa maneno, nao wakajibu kwa miguu.

Wala tusidhani kwamba waliojaribiwa hivyo ni Waafrika peke yao. Dawa ya kwanza ya sonona ya aina ya imipramini iligunduliwa na Roland Kuhn katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, Uswisi, katikati ya miaka ya 1950. Kwa muda mrefu alisifiwa. Mwaka 2019 wanahistoria walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kwa miongo kadhaa hospitali hiyo iliwajaribia wagonjwa, wakiwemo watoto, dawa nyingi zisizosajiliwa, na wengi hawakujua wanachomeza. Ketamini, ambayo nitaizungumza punde hivi, ilianza kuingizwa miilini mwa binadamu mwaka 1964 katika gereza la Jackson, Michigan. Mgonjwa wa akili, mfungwa, mtu wa kutawaliwa: hao ndio waliotangulia, na sisi sote tuliowahi kunufaika na dawa hizi tunakula katika sahani waliyoipika wao bila kuambiwa ni chakula cha nani.

Pamoja na hayo yote, hoja ya kuharamisha siikubali. Kukataa kumjaribia mtu dawa ni jambo jema pale anapolindwa. Lakini laweza pia kuwa namna ya kumsahau. Dawa inayopimwa kwa watu wa mahali pamoja tu hujulikana kwa miili ya mahali hapo, kwa vyakula vyao na maradhi yao. Mtu wa Kigoma anayemeza dawa za malaria mara kwa mara, au za virusi vya UKIMWI, au mwenye kichocho, dawa mpya itamfanyaje? Hatujui mpaka aulizwe mwili wake. Tukisema asihusishwe kamwe, tumeamua kwamba atapokea daima vilivyokatwa kwa kipimo cha wengine, kama nguo za mitumba, aziongeze pini mwenyewe. Hiyo pia ni dhuluma, ila ni ya kimya kimya, na kwa hiyo haina mtu wa kushtakiwa.

Kwa hiyo swali langu si kama ipimwe au isipimwe. Naliona katika mambo mengine: nani huchagua dawa ya kupimwa, na mtu aliyekata tamaa huridhia nini anaporidhia.

Katika jambo la kwanza ketamini inatufundisha mengi. Dawa hii ilitengenezwa 1962, ikaruhusiwa Marekani 1970 kuwa dawa ya nusukaputi, na tangu 1985 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Hospitali zetu za wilaya zinaifahamu vizuri: haihitaji mashine kubwa, haizimishi pumzi kwa urahisi, na umeme ukikatika katikati ya upasuaji mgonjwa hapotei. Akina mama wangapi wa Kigoma wamejifungua kwa kisu chini ya usingizi wake! Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio dogo, la wagonjwa wasiofika kumi, lililoonyesha kwamba kipimo chake kidogo, kisichofikia kulaza, kiliinua sonona kwa saa chache na nafuu ikadumu siku kadhaa. Dawa za kawaida huchukua wiki. Hapo ndipo dunia ilipogutuka.

Nini kikafuata? Ketamini ya kawaida haina tena mwenye hataza. Ni rahisi, na kila kiwanda chaweza kuitengeneza. Kwa hiyo hakuna tajiri wa kugharimia majaribio makubwa ya kitu ambacho hataweza kukiuza peke yake. Molekuli ya ketamini ni kama jozi ya viganja, cha kulia na cha kushoto. Kampuni ikachukua kimoja, esketamini, ikakitia katika kichupa cha kupuliza puani, ikakipima, na Machi 2019 Marekani ikakiruhusu kwa ajili ya sonona sugu. Bei ya dozi moja ni mamia ya dola. Mgonjwa huitumia akiwa kliniki na kuangaliwa saa mbili, kwa sababu humlevya na kumpandisha shinikizo la damu. Msomaji aone kichekesho chenye uchungu kilichomo humu: dawa mpya ambayo mwanikaji dagaa wa Kibirizi hataiota ni pacha wa ile kongwe iliyomo katika kabati la chumba cha upasuaji, mwendo mfupi kutoka anapokaa. Upungufu hapo si wa dawa. Ni wa mtu wa kuuliza kama dawa iliyopo yaweza kumfaa, kwa kipimo gani, mara ngapi, chini ya uangalizi wa nani. Na swali hilo halina mnunuzi.

Nisije nikaeleweka kwamba nasema ifunguliwe kabati kesho asubuhi. Ketamini ina hatari zake. Ikitumiwa sana huharibu kibofu cha mkojo, na wapo waliokuwa watumwa wake. Wala hatujui kwa uhakika ni nini kinachofanya kazi ndani yake. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walichapisha jambo lililowashangaza wenyewe: waliwachukua wagonjwa 40 wenye sonona waliokuwa wakienda kupasuliwa kwa sababu nyingine, wakawapa nusu yao ketamini na nusu maji ya chumvi wakiwa wote wamelala fofofo, ili asiwepo wa kuhisi amepewa nini. Makundi yote mawili yakapata nafuu kubwa, sawasawa. Labda ile nusukaputi nyingine waliyolazwa nayo ilichangia au kuficha athari ya dawa. Labda kuangaliwa na kutarajia ndiyo dawa yenyewe. Wenye elimu wanabishana. Mimi linanigusa hili moja, kwamba mtu aliyeulizwa hali yake na wenziwe kwa uangalifu, siku baada ya siku, kwa muda wa wiki kadhaa, tayari amepewa kitu. Kigoma kitu hicho ni adimu kuliko ketamini.

Nakuja kwenye ridhaa, na hapa nitakawia kidogo.

Tangu Azimio la Helsinki la 1964, na marekebisho yake mengi hadi ya 2024, kanuni ni kwamba asijaribiwe mtu ila kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa na kuelewa. Tanzania ina vyombo vyake vya kusimamia, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa upande wa maadili na mamlaka ya dawa kwa upande wa dawa yenyewe. Karatasi zinasomwa kwa Kiswahili. Hayo ni mema. Lakini ridhaa inajengwa juu ya dhana moja ambayo karatasi haiitaji: kwamba anayeridhia anajijali. Ukimwambia mtu, dawa hii yaweza kukudhuru ini, unategemea kwamba ini lake lina thamani kwake. Sonona kali huila dhana hiyo kutoka ndani. Mtu anayeona bora asingezaliwa, hatari ya ini anaipimaje? Atatia dole gumba kwa kuwa hakuna analoliogopa, au kwa kuwa hana nguvu ya kukataa, au kwa kuwa daktari ni mtu mkubwa na ameandaliwa kiti. Ridhaa yake ina sura ya ridhaa, lakini yule ambaye angepaswa kuitoa ametoka nje kwa muda.

Kuna wanaojibu kwamba mtu huyo basi asiulizwe, aulizwe mumewe au kaka yake. Jibu hilo naliogopa zaidi ya tatizo. Katika jamii zetu, Uhani na Uswahilini sawasawa, jamaa wana sauti katika ugonjwa, na ni vyema iwe hivyo, maana ndio watakaouguza. Lakini mwanamke ambaye huenda huzuni yake ina mizizi ndani ya nyumba ile ile, kumwachia mwenye nyumba ndiye amridhie ni kumrudisha kisimani alikozamia. Jamaa awe shahidi; asiwe mwenye mali.

Nionavyo, njia iliyopo ni kuutumia wakati. Huzuni, hata iliyo sugu, haikai kipimo kimoja. Ina asubuhi zake na jioni zake, ina siku ambazo kidirisha hufunguka kidogo. Ridhaa iombwe zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na mtu yule yule, kwa Kiha ikibidi, na kwa Kibembe kwa wale waliovuka ziwa. Aulizwe si tu kama anakubali, bali anahofia nini. Asiyehofia lolote hata kidogo, huyo ndiye wa kusubiriwa. Najua mtafiti ataniambia kwamba hivyo majaribio yatachelewa na gharama itapanda. Na ipande, inapandia hapo inapostahili.

Ridhaa peke yake, hata ikiwa safi, haitoshi kuhalalisha kila kinachofuata. Majaribio hugawa watu kwa kura, hawa wapate dawa na wale wapate kitu cha kulinganishia. Kitu gani? Kati ya 1996 na 1998, katika jaribio lililoitwa PETRA, baadhi ya wajawazito wenye virusi vya UKIMWI wa Dar es Salaam, Kampala na Afrika Kusini walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, ilhali tangu 1994 ilikwisha kujulikana kwamba AZT hupunguza maambukizi kwa mtoto. Waliotetea walisema: matibabu yale marefu ya Marekani hayapo hapa, kwa hiyo hatuwanyimi kitu walichokuwa nacho. Hoja hii yaonekana kama mantiki, na ndani yake mna shimo. Inaufanya umaskini wa mtu kuwa kipimo cha haki yake. Ikiwa Kigoma hakuna dawa ya sonona, basi kumpa mtu wa Kigoma kidonge kitupu ni kumpa kawaida yake! Kwa njia hiyo kila palipo na upungufu pangekuwa maabara bora kuliko penginepo. Mtu anayeingia jaribioni kwa ajili ya sonona sugu lazima alinganishwe na dawa bora iliyokwisha kuthibitika, hata kama kabla ya siku hiyo haikupata kufika wilayani kwake. Na ikiwa hajapata kuimeza hiyo kwa wiki zake sita kamili, basi haingii jaribioni kabisa. Anaingia katika matibabu.

Ipo na habari ya jirani ambayo wapenda dawa hawaisemi sana. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, vijiji 30 viligawanywa kwa kura. Katika nusu yake watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, makundi ya watu wachache wakizungumza misiba na migogoro yao chini ya kiongozi wa huko huko aliyefunzwa. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kwamba waliobaki na sonona miongoni mwao walikuwa wapatao 6 au 7 kwa 100. Katika vijiji vingine walibaki kama 55 kwa 100. Hakuna kidonge kilichomezwa. Watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji huzuni hiyo wanaiitaje kwa Kiganda, na majina waliyopewa, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia, ndiyo waliyoyatumia kupimia. Tusikimbilie kusema kwamba mazungumzo hutosha kwa wote. Lakini mtu ambaye hajapewa hata kikao kimoja cha namna hiyo, kuitwa sugu ni kusingiziwa.

Na vipimo vyenyewe Kigoma vitaingiliwa na mambo yasiyomo katika fomu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wa Tanzania tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Karabai zikazimwa, fukwe za kuanikia zikawa tupu. Tufikiri jaribio la wiki kumi na mbili lililoanza Mei ya mwaka ule: mwishoni, ziwa linafunguliwa, mitumbwi inatoka, fedha inarudi mkononi, na alama za huzuni zinashuka. Dawa ipewe sifa? Au lingeanza Februari, likaishia katika mwezi wa kufungwa, dawa ilaumiwe? Mkimbizi anayesubiri kuambiwa kama atarudishwa kwao, usingizi wake unapimwaje? Mjuzi wa hesabu atasema kura hurekebisha hayo, kwa kuwa pande zote mbili zina ziwa moja. Ni kweli kwa hesabu. Lakini yule mwanamke mmoja, anapoambiwa kwamba hakuitikia dawa, ana haki ya kuuliza kama lililokataa ni mwili wake au ni bahari ile ya maji baridi iliyofungwa kwa amri.

Halafu iko siku ya baada ya jaribio, ambayo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Katika utafiti wa esketamini uliochapishwa 2019, wagonjwa waliokwisha kutulia kabisa kwa dawa hiyo waligawanywa, wengine wakaendelea nayo na wengine wakaachishwa bila kujua. Walioendelea, robo yao hivi walirudi shimoni. Walioachishwa, karibu nusu. Kumtoa mtu katika giza la miaka, akaiona tena sura ya mwanawe, akaanika dagaa, akacheka na wenzake, kisha ukafunga masanduku na kurudi ulikotoka kwa kuwa takwimu zimetimia: kitendo hicho hakina jina katika kanuni za utafiti, ila Waswahili wana jina la mtu anayekitenda. Dawa isiyoweza kubaki Kigoma isipimwe Kigoma. Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya niitazame ile ketamini ya kabatini kwa jicho la upole kuliko pacha wake wa puani.

Limebaki jambo moja la kisheria. Katika kila fomu ya majaribio ya aina hii pana swali kuhusu kujiua: umewahi kufikiri, umewahi kupanga, umewahi kujaribu. Swali ni la lazima, kwani bila hilo hakuna ajuaye dawa inaokoa au inaua. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Tanzania Bara kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Mwanamke wa Kibirizi, basi, anapoulizwa swali la tatu na kijana mpole mwenye kalamu, anaombwa kwa ajili ya elimu akiri jambo ambalo sheria ya nchi yake inaweza kumshtaki kwalo. Mwenye kuandaa jaribio huko itambidi ajue, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi, jibu lake litaandikwa kwa jina au kwa namba, litafungiwa katika kabati gani, na ufunguo wake uko kwa nani.